Sare Ndani ya Mstari

Jumamosi, 1 Machi

Leo Sare, mbwa wa baba mkwe, nusura afe. Nusura aue na mtu.

Kaona pikipiki inapita, kachomoka kibarazani, huyooo hadi katikati ya barabara. Mwendesha pikipiki kumkwepa — puu! Chini. Nyuma yake lori. Likafunga breki mpaka tairi zikalia. Mimi nimesimama mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni, mdomo wazi.

Ashukuriwe Mungu, ilikuwa goti na suruali tu. Goti nimelisafisha, suruali nimeishona hapo hapo, mwenyewe amejifunga shuka anakunywa chai. Na anacheka! Mtu mwema yule.

Mwenye nyumba hakucheka. Kaja jioni, hata kiti hakukitaka. Kasema mbwa akionekana barabarani mara nyingine, tuchague: aondoke yeye au tuondoke wote. Mume wangu akamwomba basi aturuhusu tuweke ukuta. Hataki. Bomba kubwa la maji linapita chini ya uwanja wa mbele, hakuna kujenga juu yake.

Baba mkwe alikuwa amekaa pale pale, mkono juu ya kichwa cha Sare. Tangu mama mkwe afariki na sisi tukamleta kukaa kwetu, maneno yake ni ya kuokoteza. Lakini niliuona ule mkono. Ulishuka ukamshika Sare shingoni, haukumwachia.

Mbwa tu, watu watasema. Na mimi ningekuwa wa kwanza kusema, maana mbwa nawaogopa toka utotoni. Ila huyu ndiye anayemtoa mzee kitandani asubuhi. Akiondoka huyu, sijui.


Jumapili, 2 Machi

Wifi yangu kaja kutoka mjini na boksi. Yeye ni muuguzi, mambo yake ya haraka haraka — jana kaambiwa kwa simu, leo keshapata dawa! Kumbe mgonjwa mmoja alikuwa nayo, hana haja nayo tena.

Ndani: bunda la waya, kisanduku cha kuchomeka kwenye umeme, mkanda wa shingoni, na vibendera vyeupe vidogo kama vya kuchomeka kwenye keki. Waya unafukiwa ardhini kuzunguka uwanja. Mbwa akiukaribia, mkanda unalia, tii tii tii. Asiposikia, unampiga shoti. Uzio upo, ila macho hayauoni.

"Kwa hiyo sasa tunafuga mbwa kwa remoti," mume wangu kasema. Tukacheka.

Baba hakucheka. Akauliza, "Nani kasema mbwa wangu apigwe shoti?"

Wifi akaanza kueleza, shoti yenyewe ndogo, inapunguzwa, inaongezwa, wengi wanatumia. Baba akanyoosha mkono apewe ule mkanda. Akaugeuza, akaupapasa vile vijino viwili vya chuma. Muda mrefu. Halafu akauliza kitu kingine kabisa.

"Na huo mstari utapita wapi?"

Nikamwangalia mume wangu, naye ananiangalia. Mzee amechezesha mpira maisha yake yote, mtaani kwao jina lake lilikuwa Refa, hata mama mkwe alikuwa akimwita hivyo. Ukimwambia mstari, umemwita kwa jina.


Jumanne, 4 Machi

Mume wangu kaomba ruhusa karakana, kashinda anachimba. Mtaro mwembamba, kina cha kiganja. Baba yuko nyuma yake na fimbo. "Hapa umepinda. Rudi. Kona inakatwa hivi." Mume wangu jasho linamtoka, ananitazama kwa jicho la nisaidie. Mimi huyo, ndani, kwenye cherehani yangu.

Jirani yetu Mama Bata — ana bata wasiohesabika, na wote wanaamini uwanja wetu ni wao — kaja kuuliza kama tunatafuta hazina. Baba akamjibu, "Tunachora uwanja." Akajibu! Mama Bata mwenyewe alishangaa.

Jioni kisanduku kikawashwa. Taa ya kijani. Mume wangu akachukua mkanda amfunge Sare. Baba akasema ngoja. Akajifunga yeye mkononi, vile vijino vimegusa ngozi, akaanza kutembea kuelekea mstari. Tii tii tii. Akaendelea. Mume wangu, "Baba, basi!" Akaendelea.

"Aaah!" Mkono ukaruka juu kana kwamba anatoa penalti.

Mimi moyo ulinipasuka. Mzee na umri wake! Nikakimbia. Nikamkuta anacheka. Anacheka kweli, meno yote nje, machozi yanamtoka. Sijawahi kumsikia akicheka toka tumemleta hapa. Akasema, "Ni kama kuchomwa na siafu. Punguzeni." Ikapunguzwa. Akarudia. Ikapunguzwa tena. Akarudia! Mpaka akaridhika.

Nilimuuliza kwa nini asimwachie mwanawe ajaribu. Akasema adhabu ambayo wewe huijui huwezi kujua inatosha wapi.

Mwanawe nilimpa mkanda naye ajaribu. Alikumbuka ghafla ana simu ya kupiga.


Alhamisi, 6 Machi

Mafunzo yameanza. Nilidhani nitakuwa nashona, nikaishia dirishani nusu siku. Sketi za watu ziko mezani zinanitazama.

Mwenyewe niliyafikiria hivi: unamfunga mbwa mkanda, unamwachia, anapigwa, anakoma. Kumbe hakuna kitu kama hicho. Shoti imezimwa kabisa, kumebaki mlio tu. Baba anamshika Sare kwa kamba ndefu, wanatembea kuelekea vibendera, taratibu, kama watu wanaokwenda kumsalimia mtu. Mlio ukianza, baba anasimama. Anapuliza filimbi kidogo, fyuu, anageuka. Sare anageuka naye. Basi hapo ndipo sherehe! Kipande cha ini, masikio yanakunwa, "Umeona! Umeona mwenyewe!" Halafu wanakwenda upande mwingine. Tena. Na tena.

Hamfokei. Hamvuti. Sare akikaza kwenda mbele, baba anasimama tu kama mti, kamba imenyooka, anangoja. Hata dakika nzima. Mpaka mbwa mwenyewe anageuza shingo kumtazama: tunafanyaje? Hapo ndipo anapata ini.

Nilimwambia wakati wa chakula, baba, una subira. Akasema uwanjani alikuwa nao ishirini na wawili, kila mmoja na mama yake jukwaani. Huyu ni mmoja, na ni yatima.

Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Nimemuuliza pia kwa nini Sare anaitwa Sare. Kumbe siku aliyomwokota, pembeni ya uwanja, mechi iliisha bila kufungana. Mimi miaka yote nilidhani ni kwa ajili yangu, mshona sare za shule! Mume wangu kasema nyumba hii ina sare mbili, moja inalisha na nyingine inalishwa.


Jumatatu, 10 Machi

Leo nimegundua jambo na limenikaa kifuani.

Nilikuwa napeleka chai. Baba na Sare walikuwa upande wa barabara. Wanatembea vizuri tu, halafu Sare akasimama — vibendera hivi hapa mbele yake — na baba akapita. Akapita katikati ya vibendera, akakanyaga kimoja, hakujua. Kamba ndiyo iliyomrudisha.

Haoni. Mzee haoni vibendera. Nikaweka chai chini. Nikamuuliza taratibu, baba, hivi vibendera unaviona? Nikadhani atakasirika.

"Vyeupe vinapotea," akasema. "Kuna ukungu. Usimwambie mumeo."

Kumbe siku zote hizi alikuwa anasikiliza mlio, na anamtazama mbwa kwa mkono, kupitia kamba. Anajua amefika kwa sababu Sare amejua. Na bado amemfundisha vizuri vile! Mimi mwenye macho mawili mazima nisingeweza.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza, nimekata vipande vya bluu vilivyobaki kwenye sketi za shule, nimeshona bendera kubwa, kila moja saizi ya leso, nimezifunga kwenye vijiti. Uwanja sasa unang'aa kama kuna mashindano. Baba alizigusa moja moja. Akasema hizi anaziona.

La pili, nimemwambia mume wangu. Nilikatazwa, najua. Macho si jambo la kuficha. Usiku huu huu kampigia simu dada yake.


Jumatano, 12 Machi

Siku ya shoti.

Baba hakula asubuhi. Aliiwasha mwenyewe, kwenye kile kipimo kidogo kabisa alichokichagua kwa mkono wake. Mume wangu alishakwenda kazini, kwa hiyo shahidi ni mimi.

Mara ya kwanza Sare aligeuka kwenye mlio. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akapita paka ng'ambo ya mstari. Paka kabisa, mnene, wa rangi ya maandazi! Sare akasahau kila kitu.

Alilia. Mlio mmoja mfupi. Akarudi mbio, akampita baba, akampita kila mtu, akaingia ndani na kamba yake inaburuzika. Kajificha wapi? Chini ya cherehani yangu.

Nilikuta amejikunja kwenye pedali, anatetemeka. Mimi na mbwa, chumba kimoja, mlango mmoja. Zamani ningepanda juu ya meza. Leo sijui ilikuwaje — nilikaa kwenye kiti changu. Taratibu. Nikaweka mguu karibu naye. Akaweka pua yake juu ya mguu wangu. Baridi! Unyevunyevu! Nikavumilia.

Baba akaja, akalala sakafuni. Namaanisha alilala, ubavu, na magoti yale. Uso kwa uso na mbwa. Wakakaa hivyo. Mimi juu yao nimeshika mkasi sina pa kuupeleka.

Baadaye walitoka wote wawili. Nilidhani leo basi, yameisha. Wapi! Wakaenda kwenye mstari tena. Mlio ukalia, Sare akageuka kabla filimbi haijapulizwa. Baba akamkumbatia hadharani, mbele ya Mama Bata na barabara nzima.


Jumamosi, 15 Machi

Wifi amemchukua baba kwenda hospitali ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Atafanyiwa operesheni ya moja sasa, atakaa kwa wifi kidogo ili aangaliwe vizuri.

Alikataa kwanza. Kisa? Mafunzo hayajaisha. Mwenye nyumba anapita pita. Nani atamshika Sare? Mume wangu akajitolea, baba akatikisa kichwa. "Wewe huna subira, unafanana na mimi nilipokuwa kijana."

Halafu akanielekezea kidole. Mimi!

"Huyu atafundisha. Mbwa alipoumia alikimbilia kwake."

Nikasema baba, nawaogopa mbwa. Akasema anajua, ameona siku zote ninavyozunguka nyuma ya nyumba nisipite karibu naye. Akasema ndiyo maana sitamharakisha.

Akavua filimbi shingoni, akanivisha. Ina joto la mwili wake bado. Nimeiweka hapa mezani, naitazama.


Jumatatu, 17 Machi

Siku yangu ya kwanza. Aibu tupu.

Kamba ilinizunguka miguuni. Ini lilinidondoka, akala lote kwa mkupuo. Filimbi niliipuliza kwa nguvu, mwendesha baiskeli barabarani akasimama akidhani ni askari. Mama Bata alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Sare! Sare alinivumilia. Nilipokosea, alisimama akaningoja. Kama baba. Kamba imenyooka, ananitazama: tunafanyaje?

Nikageuka. Akageuka nami. Nikampa ini kutoka kiganjani, vidole vikiwa vimenyooka kama nilivyofundishwa. Ulimi wake ni kama msasa laini. Nimenawa, lakini si kama zamani. Zamani ningenawa na dawa.


Jumatano, 19 Machi

Tumefika kwenye vishawishi. Baba kapiga simu asubuhi — operesheni imekwenda vizuri, jicho limefungwa, sauti yake ya furaha! — akanipa maagizo. Mbwa asifundishwe kwenye uwanja mtupu tu. Aletewe mambo anayoyapenda, yawe upande wa pili, na yeye abaki huku.

Anachokipenda Sare kuliko vyote ni bata.

Nikamwendea Mama Bata, kichwa chini, nikamweleza. Nilitegemea anifukuze, maana huko nyuma Sare aliwahi kumleta bata wake kibarazani kwetu kamshika mdomoni, bata mwenyewe mzima, kakasirika. Akanisikiliza. Akasema, "Unataka bata wangu wawe washambuliaji?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuvaa viatu!

Basi bata wakapitishwa ng'ambo ya bendera, mmoja mmoja, wanatembea na makalio yao yale ya dharau. Mama Bata nyuma yao na ufagio. Sare kwenye kamba, misuli yote imesimama, mate yanamdondoka. Mlio ukalia. Nikasimama. Sikuvuta.

Akakaa. Alikaa chini! Akatoa sauti nyembamba ya kusikitikia maisha yake, lakini alikaa.

Mama Bata akapiga vigelegele. Bata wakatawanyika kila upande. Tulitumia saa nzima kuwakusanya, sisi sote watatu kama ndugu — Sare akiwa ndani ya mstari, akiwafuata kwa macho tu.


Ijumaa, 21 Machi

Bila kamba leo. Nilifumba macho nilipoifungua. Nikafumbua. Alikuwa bado yupo.


Jumapili, 23 Machi

Tumeanza kung'oa bendera, moja tuache moja, kama baba alivyoagiza. Mume wangu anang'oa, mimi natembea na Sare. Mume wangu kaniangalia weee, kasema hakuwahi kufikiria ataniona natembea na mbwa huku namwimbia. Sikujua kwamba nilikuwa naimba.

Mwenye nyumba kapita kwa gari, kapunguza mwendo. Pikipiki zilipita mbili mbele yake. Sare alizisindikiza kwa mbio hadi mahali pa mlio, akageuka, akarudi kulala. Mwenye nyumba akafungua kioo, akauliza ukuta wetu uko wapi. Mume wangu akamwambia, "Kichwani mwa mbwa."

Akaondoka. Hakusema kitu. Kwake yeye hiyo ni pongezi.


Jumanne, 25 Machi

Sijui nianzie wapi.

Baba amerudi leo. Tulimtegemea kesho. Wifi kapata zamu, akampandisha teksi, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Mimi nashona, Sare kibarazani. Bendera zote tulishang'oa jana.

Teksi ikasimama ng'ambo ya barabara. Dereva hakujua nyumba ni ipi. Mlango ukafunguliwa, baba akashuka, jicho moja lina kifuniko, mkoba mkononi. Na Sare akamwona.

Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa. Akatoka kibarazani kama risasi. Nikarusha sketi, nikatoka mbio. Kushoto, lori. Lori la mchanga, linashuka, halina habari. Nilitaka kupuliza filimbi, pumzi hakuna. Nilitaka kuita, sauti hakuna.

Akafika mahali pa mstari. Akasimama.

Alisimama! Miguu yote minne imechimba vumbi. Mwili wote unatetemeka, mkia unapiga huku na huku, analia, analia kama mtoto aliyeachwa shuleni siku ya kwanza, na mzee wake yule pale ng'ambo — na hasogei. Lori likapita katikati yao. Vumbi. Nikadhani moyo wangu umekwenda na lile lori. Vumbi likatulia. Bado amesimama.

Baba naye amesimama vile vile upande wake. Hakumwita. Nilimwona amebana midomo yake miwili kwa vidole, asije akatamka jina. Dereva akamshika mkono, wakangoja barabara iwe tupu, wakavuka. Alipokanyaga ndani ya uwanja, mkoba ukaanguka, mzee akapiga magoti, na hapo sasa — mimi nilitazama pembeni. Kuna mambo si ya kutazama.

Hayo si yote. Niliingia ndani kuchemsha chai, nikabonyeza birika. Kimya. Nikatazama kisanduku ukutani. Hakuna taa ya kijani. Umeme ulikatika, na Mama Bata anasema ulikatika toka asubuhi! Cherehani yangu ni ya miguu, ningejuaje?

Waya ulikuwa umekufa. Mkanda haukulia. Hakuna kilichomzuia yule mbwa.

Nilimwambia baba. Aliendelea kumpapasa Sare manyoya. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba katika maisha yake amewaona wachezaji wakubwa, lakini huyu. Hakumaliza. Akaniangalia kwa lile jicho jipya, akasema, "Na kocha wake."

Nilikwenda jikoni nikajifanya nakata vitunguu.


Alhamisi, 27 Machi

Jicho la baba linaona mpaka raha. Anasoma maandishi kwenye malori yanayopita, kwa sauti, yote. Kaniambia nina mvi moja. Asante, baba.

Daktari kamwambia atembee kila asubuhi. Wifi kasisitiza kwa simu: kukaa kibarazani kutwa basi sasa, barabara ya nyuma ile tulivu, mpaka uwanja wa mpira na kurudi. Mzee kakubali, ila kwa sharti lake. Anakwenda na Sare.

Asubuhi akamvua mkanda, akamfunga kamba, wakaondoka. Mimi nawapungia mkono.

Walifika penye mstari, Sare akakaa.

Baba akamwambia twende. Sare akamtazama. Baba akavuka, akamwita, akamwonyesha ini. Sare akalala chini kabisa, kidevu ardhini, anatikisa mkia kwa kuomba radhi. Mkanda hana! Kisanduku tulikizima! Haidhuru. Alishaelewa, na kuelewa kwake hakuna mlango.

Mume wangu akasema abebwe tu. Baba akakataa. "Hakuna atakayebebwa wala kuvutwa."

Mzee karudi kukaa kibarazani. Hakwenda kutembea. Hata kesho, anasema, bila huyu haendi. Nilimsihi. Akageukia malori yake.

Tulimfundisha vizuri mno. Sikuwahi kufikiri kuna kitu kama hicho.


Jumamosi, 29 Machi

Wameanza tena, toka mapema. Naandika hapa hapa dirishani, sindano imesimama.

Baba kapata wazo. Kachukua bendera zangu mbili za bluu, kazichomeka kwenye njia ya nyuma, mkabala, kama goli. Kasema mstari wote ni mstari, lakini hapa ni mlango, na mlango unafunguliwa kwa mtu maalum. Mbwa wanajifunza hilo, anasema, ila taratibu. Amekaa kwenye kigoda upande wa nje, ametulia, ini kiganjani. Jana walikaa hivyo mpaka jua likawa kali. Hakuna kilichotokea. Mzee hakuchoka wala hakununa. Nikiona mtu analalamika kwamba fulani hafundishiki, nitamleta hapa amtazame huyu mzee.

Mama Bata kaja na kiti chake. Anatazama. Tumemwambia asipige vigelegele.

Sare amesimama sasa. Ananusa bendera. Amerudi. Anamtazama baba, halafu anageuka anatazama huku, dirishani. Kwangu.

Baba ananiita. Anasema, "Mama, njoo. Njoo utangulie wewe, mafunzo mliyamaliza pamoja." Mimi! Niache sketi za watu nitoke nivuke mstari mbele ya mbwa.

Sare ameanza kulia ile sauti nyembamba. Mguu mmoja wa mbele ameunyanyua. Yuko katikati ya bendera, hajaushusha. Baba hapumui. Ananiita tena, kwa mkono tu, bila sauti, asimshtue —

nakwenda